Kiatu cha Kushoto kwa Fundi wa Springi

Fundi wa springi alikuwa hapandi gari. Mtu ambaye kazi yake yote ilikuwa kulala chini ya malori, akifungua springi za mbele zilizovunjika na kufunga nyingine, alikuja kazini kwa miguu na kurudi kwa miguu, iwe mvua iwe jua. Dereva akimwambia panda mzee nikusogeze, alijibu kwamba tumbo la gari ameshaliona, asialikwe mgongoni.

Naandika habari zake kwa Kiswahili kwa sababu ndicho alichosema, na ndicho tulichosemezana sote pale uani kwake: Waganda, watu wa kaskazini, Wakongo, na hata wale wenye bunduki. Siku hizi hapa Kampala ukisema Kiswahili sokoni watu wanakuangalia miguuni, waone kama umevaa buti za jeshi. Waangalie. Nina watoto wawili na nimesoma mpaka sekondari. Sina nafasi ya kumwomba mtu ruhusa ya lugha.

Alitoka wapi, sijui. Wengine walisema Kongo, wengine Sudani, na yeye mwenyewe alikubali kila alichoambiwa. Mwanajeshi akimuuliza kwao wapi, alijibu kwa kutaja upande wa yule yule mwanajeshi, akaongeza na mto wa karibu. Nilimsikia akiwa mwenyeji wa sehemu nne katika wiki moja. Lakini umuulize habari ya chuma, hakudanganya hata mara moja. Tajiri mmoja wa malori alimsihi aseme springi ya zamani bado nzima, ili lori liondoke siku ile. Fundi akachukua nyundo ndogo, akaligonga bamba la springi, akainamisha sikio la kulia, kwa sababu la kushoto lilikufa zamani kwa kelele za nyundo. Akasema, "Chuma kizima kinaitika. Hiki kinakohoa." Tajiri akatukana mpaka akachoka. Bamba halikurudi garini.

Mimi niliingia pale kwa ajili ya chai. Ua ulikuwa nyuma ya maduka ya Nakivubo, yale ambayo wenyewe walifukuzwa nchini, yakapewa watu ambao hawakujua hata ufunguo unazungushwa upande gani. Tulikaa Nsambya, kwenye nyumba za reli, katika chumba cha baba yangu. Kila asubuhi nilishuka mlima na birika, kapu la kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, na mwanangu Atim mgongoni. Siku ya kwanza fundi alionja chai yangu, akasema nimeipika kama mtu anayelipiza kisasi. Nikamwambia sukari iko kwa wakubwa, aende akawaonje wao. Akacheka, akanionyesha kipande cha bati kilichoegemea ukuta, akasema nikae chini yake, jua lisimpige mtoto. Nilikaa pale miaka minne.

Nilikuwa na hasira miaka hiyo, na sitaki kudanganya, bado ninazo. Hasira za foleni ya chumvi. Hasira za sabuni ya magendo inayokatwa vipande kama nyama. Hasira za kuitwa "wewe mwanamke" na kijana ambaye mamake hakumaliza kumfundisha kupangusa pua. Fundi hakunipoza hata siku moja. Wanaume wengine wa pale walikuwa wakiniambia nyamaza Mama Atim, utatuletea balaa. Yeye alikuwa akinipa kitu cha kushika. Shika taa hii, Mama Atim. Shika hii boliti. Hasira ina nguvu, alisema, isipotee bure, ikandamize jeki. Na mimi niliikandamiza, na Atim mgongoni akiruka juu na chini kama amepanda punda.

Hivyo ndivyo nilivyoijua kazi. Kwanza unaweka magogo nyuma ya magurudumu ya nyuma, lori lisitembee. Unainua mbele kwa jeki, unaegemeza chesi, fremu ya gari, juu ya magogo mengine, kwa maana jeki, alisema fundi, ni rafiki wa kilabu cha pombe, anaondoka bila kuaga. Unatoa gurudumu. Kisha unazifuata yuboliti, vile vyuma vilivyopinda vinavyoikumbatia springi na kuibana juu ya ekseli, mhimili wa magurudumu. Hizo zilikuwa zimeoza kwa kutu, na mafuta ya kulainishia hayakupatikana, basi fundi alizinywesha waragi, pombe kali ya hapa. Yeye mwenyewe hakunywa hata tone. Alitunza chupa ya waragi katika sanduku lenye kufuli, akazimiminia boliti kwa kijiko, na walevi wote wa soko la Owino walikuwa wakija kusimama pale mlangoni, wanatazama tu, wanaumia.

Springi ni mabamba ya chuma yaliyopinda, yamelaliana, refu juu na fupi chini, na boliti moja inapita katikati kuyashika pamoja. Likivunjika lile refu, gari linainama upande mmoja kama mtu anayeumwa jino. Mapya hayakuwepo mjini. Fundi aliyatoa katika magari yaliyokufa, akayagonga moja moja, akayapanga upya. Na hakufunga upande mmoja tu. Upande wa kulia ukivunjika, alishusha na wa kushoto, hata kama ni mzima. Wenye magari waliona anawaibia. Alikuwa akiwauliza: wewe ukinunua kiatu, unanunua kimoja?

Na hapo nafika kwenye viatu, kwa sababu ndivyo mji mzima ulivyomjua.

Springi iliyofungwa leo, alisema, bado haijakaa. Mabamba hayajazoeana. Ukipakia mzigo na kwenda safari moja, yanalala, na yuboliti zilizokuwa zimekaza zinabaki na nafasi. Lazima gari lirudi zikazwe tena likiwa limesimama kwa miguu yake. Lisiporudi, boliti ya katikati inakatika, ekseli inasogea nyuma upande mmoja, na usukani unakupeleka unakotaka wenyewe. Madereva walilijua hilo, na hawakurudi. Dereva ni mtu wa kesho. Kwa hiyo fundi alikuwa akichukua rehani: kiatu cha kushoto. Dereva alivua mwenyewe, akampa, akaondoka na kimoja. Asiyekuwa na kiatu alitoa kofia au mkanda. Vitu hivyo viliwekwa kwenye ubao juu ya mlango wa stoo, na kwa kuwa fundi hakujua kusoma, mimi ndiye niliyeandika majina kwa chaki.

Asubuhi ungemwona dereva mwenye tumbo lake, mtu wa heshima, anashuka kwenye lori barabarani na mguu mmoja peku, watu wa Nakivubo wanamwimbia, "Huyo katoka kwa fundi!" Alirudi haraka. Aibu ilikaza boliti nyingi kuliko spana.

Lakini miaka ile haikuwa miaka ya kurudi. Palikuwa na kofia tatu na mkanda mmoja ambavyo havikuchukuliwa. Hatukuuliza. Kila Jumamosi fundi alivishusha, akavikung'uta vumbi, akavirudisha pale pale. Mara moja nilimwambia nifute majina ya chaki, nafasi inakwisha. Akasema ubao ni wake, si wangu, akaenda kutafuta mbao za kuurefusha.

Sasa niseme siku niliyotaka kumpiga.

Mume wangu, Baba Atim, alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara wa kahawa. Jina lake ni la kule kaskazini ambako majina hayakupendwa na wakubwa wa wakati ule, na kila alipotoka nyumbani nilihesabu mpaka arudi. Asubuhi moja lori lake likaingia uani limeinama upande wa kulia, na pembeni yake, juu ya kiti, amekaa sajini na bunduki. Baba Atim alishuka bila kunitazama. Hapo nikajua. Hakutaka sajini aone kwamba ana mke pale.

Sajini alisema, kwa Kiswahili chao cha kambini, gari hii imechukuliwa kazi ya serikali, nakwenda mpakani na mzigo, na dereva nakwenda nayo. Springi nakufa pale juu barabarani. Fundi natengeneza mbio mbio. Alisema bila kelele, kama mtu anayeagiza chai, kisha akaniagiza chai. Nikampa. Mikono yangu ilijua kumimina, mimi mwenyewe sikuwa pale.

Madereva wawili tuliowajua walikuwa wamechukuliwa hivyo hivyo. Mkanda wa mmoja ulikuwa juu ya ubao.

Nilipoona sajini amegeuka, niliingia chini ya lori na taa, kama ninavyoingia siku zote. Nikamwambia fundi aseme haliponi. Aseme bamba hakuna, chesi imepasuka, chochote, si ni mwongo maarufu? Yeye alikuwa amelala chali, kutu inamdondokea machoni.

"Mama Atim," akasema, "nikisema gari limekufa, wataliacha. Dereva asiye na gari wanamtunza wa nini?"

Nikatoka. Nilimchukia kwa kusema kweli siku ile, kwa kuwa ni siku pekee niliyotaka uongo wake.

Alifanya kazi mpaka mchana kupita, upande wa kulia na wa kushoto, kama kawaida yake, sajini anatembea anarudi, anatukana. Lori likashushwa juu ya magurudumu yake, akazikaza yuboliti kwa bomba refu kwenye spana. Kisha akamweleza sajini habari ya kukaza mara ya pili. Akamwambia, afande, likianza kugonga, lirudi kwangu, spana ya boliti hizi ninayo mimi tu mjini. Na dereva awe huyu huyu, maana ameshauzoea usukani wake. Mgeni akishika, mtakwenda mtaroni nyote. Sajini akasema mzee wewe nasema mingi.

Na baada ya yote hayo, fundi akadai kiatu.

Kwa kawaida dereva alivua mwenyewe. Siku ile fundi alipiga magoti mbele ya mume wangu, akamfungua kamba, akamvuta kiatu mguuni polepole, kichwa kimeinama, kama wanavyomvua marehemu. Sajini alicheka mpaka bunduki ikatikisika begani. Baba Atim alisimama kimya na soksi yake iliyotoboka kidole, ile niliyoahidi kuishona tangu Jumapili. Akapanda, akaondoka.

Nilimwendea fundi. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, watoto wangu watasoma. Nilimwambia una nini ndani, umemtoa mume wangu kwa watu hawa mguu peku, kwa ajili ya desturi yako ya kijinga? Nikamwaga chai yote ya birika chini mbele yake, chai yenye sukari guru ya magendo. Aliitazama inavyoingia ardhini. Akasema, "Andika jina, Mama Atim."

Sikuandika. Kiatu kikakaa kwenye ubao bila jina.

Siku ya kwanza, ya pili na ya tatu nilishuka Nakivubo na kupika chai bila kumsemesha. Alikunywa bila kusema ni mbaya, na hilo liliniogopesha kuliko jambo lolote. Siku ya nne, saa sita mchana, nilisikia mlio wa kugonga, ko, ko, ko, kutoka barabarani. Lori likaingia. Usukani alikuwa nao Baba Atim, na pembeni sajini, amekamata dirisha kwa mikono miwili, jasho linamtoka. Mzigo ulikuwa umefika. Kule mpakani mkubwa wake alitaka dereva abaki na kupewa gari lingine, lakini sajini akakataa, kwa kuwa njia nzima gari lilikuwa likivuta kulia na kugonga, na yeye mwenyewe aliona jinsi huyu mtu anavyolishika. Nani mwingine angemrudisha Kampala mzima?

Fundi alilizunguka lori, akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Akasema hii ni kazi ya jioni, afande, nenda ukale, pale juu kuna nyama ya kuchoma leo. Sajini akaenda. Fundi akashusha kiatu kutoka ubaoni, akampa mwenyewe, akaonyesha kwa kidevu nyuma ya stoo, ambako ukuta ulikuwa umebomoka kuelekea mtaro wa Nakivubo. Baba Atim alikivaa akiwa anatembea. Usiku ule alilala kwa shangazi yangu upande wa pili wa mji, na alikaa huko mpaka msimu wa mvua ukapita na sajini akahamishwa.

Jioni sajini aliporudi akauliza dereva yuko wapi. Nilikuwepo, ninapuliza jiko. Fundi akatoa kichwa chini ya gari, uso wa mshangao kabisa.

"Si alikufuata wewe, afande? Alisema umemwita mkale wote."

Alipigwa. Alipoteza meno mawili ya mbele, na tangu siku ile alikunywa chai kwa upande. Lakini boliti alizikaza kwa haki, zote, na lori likaondoka na dereva wa jeshi likiwa limenyooka. Nilimuuliza kwa nini hakuliharibu. Alinitazama kama nimemtukana. Gari halikuiba mtu, akasema.

Pamoja na hayo sikumwambia asante. Kweli nilimpikia, nilimfulia shati lenye damu, nilimsagia karanga kwa sababu ya meno. Lakini neno lenyewe lilikwama, kwa ajili ya kile kiatu. Nilikuwa nikimwona bado amepiga magoti na sajini anacheka. Ningeweza kumsamehe mtu mambo makubwa. Hilo dogo lilinikalia kooni kama mwiba wa samaki, mwaka ukaingia, mwingine ukatoka.

Halafu wakubwa wale wakakimbia. Mji ukaimba, na baada ya kuimba ukaanza kutafuta wa kumlipiza. Mzee asemaye Kiswahili tu, ambaye amewaambia watu wote kwamba yeye ni mtu wa kila mahali, akawa si mtu wa mahali popote. Mawe mawili yalirushwa uani. La tatu lilivunja ile chupa ya waragi. Baba Atim, ambaye sasa alikuwa na lori la kuazima na anapeleka chumvi kaskazini, akamwambia mzee, utakwenda na mimi, ukae kule mpaka watu watulie. Fundi akasema hapandi gari. Baba Atim akasema basi atembee, ni siku kumi.

Nilimkuta asubuhi ya safari anafunga mwenyewe springi za lori atakalopanda. Sijawahi kuona zimefungwa hivyo. Alizigonga mabamba mpaka nikachoka kusikia. Kofia tatu na mkanda alikuwa ameviweka ndani ya gunia safi, na gunia akanikabidhi mimi. Akasema wenyewe wakija, wanajua njia ya Nakivubo, wasimkose mtu.

Tukakaa juu ya magogo, nikamimina chai. Alikuwa mwepesi wa moyo siku ile, nadhani kwa hofu ya safari. Akanitazama kwa pembeni akaniambia ya kwamba kuna jambo. Siku ile ya sajini hakukaza. Yaani alikaza zote, kisha akarudisha yuboliti za kulia mizunguko miwili.

Nilishusha kikombe. "Uliacha mume wangu aende mpakani na boliti zimelegea?"

"Mbili tu. Zigonge, zisikatike. Nilizipima."

"Na yeye angejuaje asikimbize?"

Nyuma yangu Baba Atim akakohoa kidogo. Alikuwa amesimama pale na kamba ya turubai mkononi, mume wangu wa miaka yote, anaangalia gurudumu.

"Aliniambia," akasema. "Alipokuwa ananivua kiatu. Alisema nenda taratibu, itagonga, isikutishe, imtishe yeye."

Kwa hiyo alipiga magoti ili kusema. Pale chini, kichwa kimeinama, ndipo mahali pekee uani ambapo bunduki haikuweza kumsikia. Na hawa wawili walijua, wakanywa chai yangu miaka yote hiyo, wakaniacha nimchukie mzee wa watu kwa ajili ya kiatu. Nikawauliza kwa nini hamkuniambia. Wakatazamana.

"Mama Atim," akasema fundi, "sajini tulimwogopa kidogo."

Nilitaka kumpiga kwa birika. Baba Atim alikuwa amekwisha kusogea nyuma hatua mbili. Badala yake nikasimama, nikamwambia fundi, "Lete kiatu."

Akasema anacho hicho hicho, jozi moja, na anakwenda nchi ya watu. Nikamwambia mume wangu pia alikuwa na jozi moja. Akasema desturi ile ni ya madereva. Nikamwambia springi hizi umefunga leo, zitarudi kukazwa, na mkazaji ni wewe, spana unayo wewe tu mjini.

Nikapiga magoti mimi. Ardhi ile ina mafuta, mpaka leo sketi yangu ina alama. Nikamfungua kamba, nikamvuta kiatu cha kushoto polepole, kizito, soli ya tairi, na nikiwa pale chini, kichwa kimeinama, mume wangu asisikie, nikamwambia lile neno.

"Unasema nini?" akauliza fundi. "Uko upande wa sikio bovu. Sema kwa sauti."

Hata hilo hakunisaidia. Nikainua uso nikasema asante kwa sauti ya kugombana, madereva wote wakageuka, na fundi wa mabati wa jirani akaacha kugonga.

"Haya," akasema. Akainuka, akachechemea mpaka kwenye lori, mguu mmoja peku, akalitazama tumbo lake mara ya mwisho. Kisha akapanda kwa mara ya kwanza machoni pangu, akakamata dirisha kwa mikono miwili kama sajini. Baba Atim akaliondoa taratibu. Nilisikiliza mpaka wakapinda kona. Halikugonga.

Kiatu kiko juu ya kabati, Nsambya, kinamngoja mwenyewe. Atim anasoma sasa. Ndiye aliyeandika jina kwa chaki.